Tupeane uzoefu: Ukiwa Linux, kazi za ofisi unafanyia programu gani?

Wakuu, habari za jioni. Laptop yangu ya zamani, Windows 11 imeikataa, na Windows 10 ndiyo hiyo ilikatiwa huduma Oktoba 2025. Kijana mmoja akaniwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Nimeikuta LibreOffice, programu za ofisi kama zile za Microsoft, imo tayari, bure. Raha! Juzi nafungua CV yangu, ukurasa mmoja umekuwa miwili, namba ya simu ya mdhamini wa tatu imebaki peke yake kule nyuma. Mliotangulia mnaishije? Na tafadhali, asije mtu kuniambia "rudi Windows".

Mwenye steshenari, Mbagala
Pole mkuu. Hapo tatizo ni fonti, yaani aina ya herufi. CV umeandika kwa Calibri, ambayo ni ya Microsoft na haiji na Linux, kwa hiyo programu inapachika nyingine yenye herufi pana na mistari inasukumana. Ipo fonti inaitwa Carlito, herufi zake zina upana uleule wa Calibri. Mbadala wa Cambria ni Caladea. Fungua temino (dirisha la kuandikia amri) uandike:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Funga LibreOffice, fungua tena. Mimi hili nimelijua kwa hasara. Mteja kaleta kadi za mchango wa harusi kwenye flashi, nikachapa 200 bila kukagua, jina la bwana harusi limekatika nusu likashuka mstari wa chini. Wino wangu, karatasi zangu. Siku hizi hata jirani akija namwambia alete na PDF.

Mwalimu, Dodoma
Kwangu fonti siyo shida, shida ni makro, zile amri zinazopachikwa ndani ya faili. Faili letu la matokeo lilitengenezwa kwenye Excel na mtu aliyeshahama shule, lina vitufe vya kupanga nafasi. Kwenye Calc, ile Excel ya LibreOffice, nabonyeza, kimya. Nikakaa siku mbili za likizo nikalisuka upya kwa fomula za kawaida, RANK na VLOOKUP. Sasa linafungukia kote, na mwenzangu akiharibu naona alipoharibu.

Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi
Msimamizi wangu anasahihisha kwa Word, maoni pembeni kila aya. Nikirudisha kutoka LibreOffice, namba za vichwa zinahama. Nilihamia OnlyOffice, programu nyingine ya ofisi, hiyo inahifadhi docx (faili la Word) moja kwa moja na sura yake inafanana na Word. Ila kwa mashine yangu ya RAM ndogo inakuwa nzito kidogo.

Mkongwe
Wengine tumeanza na Jambo OpenOffice, wale wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004. Menyu kwa Kiswahili! Tulicheka wiki nzima, halafu tukazoea. OpenOffice ndiyo mama wa LibreOffice, walitengana 2010. Ushauri wangu mmoja tu: kwenye mipangilio ya kuhifadhi chagua docx, la sivyo utamtumia bosi odt (faili la LibreOffice yenyewe) akupigie simu usiku kwamba faili ni bovu. Yamenikuta.

Mwanzisha mada
Mwenye steshenari, ubarikiwe. Nimeweka Carlito, mdhamini wa tatu amerudi kwa wenzake ukurasa wa kwanza. Sasa printa ndiyo haionekani kabisa, ila hiyo naifungulia uzi wake.