Ripoti ya kinu cha nyuklia pwani: kwenye maji ya kupozea tuulize nini?

Mvuvi_Mayungu
Asalaam aleikum jamani. Kamati ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) huku Malindi inapitia ripoti ya athari za mazingira, kinu cha pwani cha megawati 1000. Kuhusu maji ya moto wameandika tu kwamba "yatachanganyika na bahari". Wajuzi, tuwabane wapi? Wasiwasi wetu ni matumbawe, kasa na mazalia ya samaki ya ghuba ya Mida.

Fundi_Pampu
Waaleikum salaam. Anzeni na hesabu. Theluthi moja tu ya joto la kinu hugeuka umeme, kwa hiyo megawati 1000 za umeme huacha joto la kama megawati 2000 la kutupwa. Maji yakipanda nyuzi 10, zinahitajika kama mita za ujazo 50 kila sekunde, yaani zaidi ya milioni 4 kwa siku. Wakiwaahidi nyuzi 5 badala ya 10, msishangilie: watavuta maji maradufu, na maji hayo yamejaa mayai na mabuu ya tafi na changu, ambayo hupenya chekeche za kawaida za kuchujia.

Halafu mdomo wa bomba la kuvutia maji. Kasi ya maji hapo isizidi mita 0.15 kwa sekunde, ndicho kipimo cha Marekani. Bomba la wima livae kofia ya zege ili maji yaingie kwa ubavuni, maana samaki huhisi mvuto wa ubavuni akakimbia, lakini wa kwenda chini hautambui vizuri. Kasa ni habari nyingine. Kituo cha St. Lucie, Florida, kina kofia hizo na kasa huingia vilevile, wakaibukia mferejini. Huko wapo watu wa kuwanasa kwa nyavu na kuwarudisha baharini, na wengi hutoka hai. Ripoti yenu imetaja nani atafanya kazi hiyo?

Mwana_Mida
Naongeza matumbawe. Nyuzi 1 tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, ikidumu wiki kadhaa, yanaanza kupauka. 1998 tuliyaona hapa Malindi na Watamu. Basi ile ruhusa ya nyuzi 3 pembezoni mwa eneo la kuchanganyikia (pale maji ya moto yanapoingia baharini), inayonakiliwa kila ripoti, kwetu ni kubwa mno. Maji ya moto huelea, mwamba wa kina kirefu unaweza kunusurika, ila yetu mingine maji yakipwa iko karibu wazi.

Wadaini vipimo vya kaskazi na vya kusi, mkondo haufanani. Machi, wakati wa maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo), ndiyo hali mbaya zaidi kwa mwamba: bahari ina joto tayari na maji hayasukumwi. Kwa Mida ni kinyume: bamvua (maji makuu) likijaa linaweza kuyaingiza maji ya moto mpaka kwenye mikoko.

Mvuvi_Mayungu
Shukran. Na dawa ya kuua makome yanayoganda kwenye mabomba?

Fundi_Pampu
Ni klorini, mara nyingi hutengenezwa papo hapo kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Ikikutana na bromidi ya baharini hugeuka bromini, nayo ni sumu vilevile. Wakipima "klorini huru" peke yake watapata namba ndogo ya kupendeza. Dai jumla ya vioksidishaji (klorini na bromini pamoja), kipimo kwenye mdomo wa kutolea.

Na yavuyavu usiwasahau. Agosti 2025 walisimamisha vinu vinne Gravelines, Ufaransa, kwa kuziba chekeche. Hapa ongeza tope la mto Sabaki.