Mkono kuvimba baada ya upasuaji wa titi: tunaanzia wapi?

nesi_wa_zamu
Wakuu, mgonjwa ni mama wa miaka 52. Ameondolewa titi la kushoto na tezi za kwapa, mionzi kamaliza miezi minane iliyopita. Sasa mkono unavimba, pete haivuki kidole. Nyumbani wanasema ni matende, wanataka achanjwe chale maji yatoke. Kuna aliyempa dawa ya kukojoza. Mtaalamu wa fiziotherapia hatuna. Tunaanzia wapi?

mazoezi_tiba
Chale wakataze leo leo. Mkono uliopoteza tezi haupambani vizuri na vijidudu, kijeraha kidogo tu kinatosha. Matende ya mbu ni jambo jingine. Hapa njia za limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi) zimekatwa kwapani, na mionzi imeacha kovu. Majimaji yaliyobaki yana protini, ndiyo maana dawa ya kukojoza haisaidii: maji yanatoka, protini inabaki na kuyavuta tena.

Uvimbe ukiwa umekuja ghafla, una maumivu makali, au mishipa ya kifua imejitokeza, daktari aangalie kwanza damu iliyoganda au saratani kurudi.

Kisha pima. Futi ya fundi cherehani, anzia kifundo cha mkono, panda kila sentimita 10, mikono yote miwili, andika. Tofauti ya sentimita 2 sehemu yoyote si ya kupuuza.

kwapa_na_bega
Naongezea bendeji, maana hapo ndipo wengi hukosea. Anza na soksi ya pamba ya mkononi, vidole vifungwe kimoja kimoja kwa gozi (kitambaa chepesi cha vidonda), halafu pamba ya kutandika, ndipo bendeji zisizovutika sana: sentimita 6 kiganjani, 8 kigasha, 10 hadi kwapani. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Mkazo ni uleule. Chini panabana zaidi kwa sababu ya tabaka nyingi, si kwa kuvuta. Bonyeza kucha: rangi isiporudi ndani ya sekunde 3, au akihisi ganzi, fungua.

Afanye mazoezi akiwa amefungwa: kukunja ngumi, kukunja kiwiko, kutambaza vidole ukutani. Uzito si mwiko. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia, uongezwe polepole huku mkiendelea kupima. Mkono wa kubana (vazi la mkononi linalobana) apimiwe uvimbe ukishashuka. Akipimiwa mapema, baada ya wiki chache unapwaya.

nesi_wa_zamu
Stoo kuna bendeji za krepu tu, zile zinazovutika. Nizifunge tabaka mbili?

kwapa_na_bega
Krepu inavutika: msuli ukijikaza inaupisha, akilala inaendelea kubana. Usimlaze nayo. Ukisubiri bendeji sahihi, endelea na mazoezi, mafuta yasiyo na manukato asubuhi na jioni, glavu akiparua samaki au kupalilia. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, acha kufunga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo aanze antibiotiki.