Naomba ushauri: koo anaatamia kiota kitupu na anawadonoa wenzake

Wafugaji wenzangu, salaam kutoka Makorora, Tanga. Nina kuku wachache wa kienyeji uani, jogoo sina kwa sasa. Koo mmoja ameng'ang'ania kiota ingawa mayai nimeshayaondoa. Akishuka kula anawavamia wenzake, hasa tetea mdogo. Keshamnyonyoa kisogoni mpaka damu, na kuku wakiona damu hawaachi kudonoa. Tetea sasa anataga vichakani, maskini.

Mayai huanguliwa kwa siku 21, lakini huyu hana cha kuangua, na kwa joto hili la pwani anazidi kukonda. Nimtenge kwenye tenga lililoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, au nimtafutie mayai yenye mbegu alalie? Nikimtenga, akirudi bandani hatazidi ukali? Kumchinja sitaki, ni mlezi mzuri mno wa vifaranga.