Msimu upi ulikuwa mkali kuliko yote NHL: Canadiens 1977, Red Wings 1996, Lightning 2019 au Bruins 2023?

Mzaramo_wa_Boston (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Juzi kazini tumebishana mpaka muda wa kula ukaisha na ugali wangu ukapoa, nikasema bora niulete ubishi huu huku nyumbani.

Mimi niko Boston mwaka wa kumi na moja. Nilikuja nikiwa mtu wa soka tu. Hoki ya barafu nimeanza kuitazama kwa sababu ghalani kwetu, kuanzia Oktoba, hakuna mazungumzo mengine. Sasa imenikaa kwenye damu, siwezi kudanganya.

Swali: ukiambiwa utaje msimu mmoja wa timu moja ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada), mkali kuliko yote, unataja upi? Nimewawekea minne:

Montreal Canadiens 1976-77. Mechi 80, wameshinda 60, sare 12, wamefungwa 8. Pointi 132. Kombe la Stanley, lile la ubingwa, wamebeba.

Detroit Red Wings 1995-96. Mechi 82, wameshinda 62, pointi 131. Wametolewa fainali ya Kanda ya Magharibi na Colorado.

Tampa Bay Lightning 2018-19. Wameshinda 62, pointi 128. Raundi ya kwanza tu wamefungwa mechi nne mfululizo na Columbus.

Boston Bruins 2022-23. Wameshinda 65, pointi 135, na rekodi zote mbili ni zao mpaka leo. Wametolewa raundi ya kwanza na Florida, mechi ya saba, muda wa nyongeza.

Kura yangu naiweka wazi: Bruins. Mechi 82 haziwezi kukudanganya, mechi saba zinaweza. Karibuni.

Kipanga_Temeke

Mkuu mimi nimepita tu, ila nimekwama hapo mwanzo. Timu inaongoza ligi nzima, halafu inatolewa "raundi ya kwanza"? Ya nini tena? Aliyeongoza ligi si ndiye bingwa?

Mzaramo_wa_Boston

Hahaha, hilo swali na mimi liliniuma miaka miwili. Huku ligi ni ya kuwapata timu 16 tu. Baada ya hapo wanaanza mtoano, na kila raundi mnacheza hadi mmoja ashinde mechi nne. Raundi nne. Bingwa ni yule anayebaki mwisho. Anayeongoza ligi anapewa kombe lake dogo, halafu anaambiwa kacheze na aliyeingia kwa kusuasua. Florida 2023 walimaliza na pointi 92. Bruins 135. Tofauti ya pointi 43!

Kipanga_Temeke

Yaani Yanga amemaliza juu kwa pointi 43 halafu aambiwe hujawa bingwa, kapambane na wa nane? Mtaa ungewaka. Haya endeleeni, nimekaa pale.

Muzee_Sherbrooke

Bandugu, jambo. Mimi ni wa Bukavu, leo miaka ishirini na tano niko Montréal. Mleta mada, umeuliza na jibu umelitoa mwenyewe: umeandika "wamebeba" mara moja tu. Hao wengine watatu umeandika "wametolewa", "wamefungwa", "wametolewa". Sasa tunalinganisha nini?

Ile Canadiens ilicheza mechi 40 nyumbani, ikapoteza moja. Moja! Na waliowafunga siku hiyo, Oktoba 30, 1976, ni Bruins wako. Canadiens wakakaa kimya, wakangoja Mei, wakakutana na Bruins hao hao fainali. Nne kwa sifuri. Mabao waliyofunga msimu mzima 387, waliyofungwa 171. Steve Shutt peke yake 60, Guy Lafleur 56 na pasi za mabao 80. Wachezaji tisa wa kikosi kile wako kwenye Ukumbi wa Heshima. Tisa, muzee.

Baba_Nasra_Mississauga

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umeficha kitu. Mwaka ule NHL ilikuwa na timu 18, na nyingine ni za jina tu. Cleveland Barons ndiyo kwanza wamehamia Cleveland, Colorado Rockies ndiyo kwanza wamehamia Denver. Tena kulikuwa na ligi pinzani, WHA, inanyakua wachezaji wazuri kwa fedha. Na hapakuwa na kikomo cha mishahara, kwa hiyo Montreal waliweza kuwaweka nyota wote chumba kimoja. Leo ukiwa na nyota watatu, wa nne inabidi umuuze, kwa sababu tangu 2005 kila timu ina kiasi chake cha kulipa wachezaji na huruhusiwi kuvuka. Bruins walishinda 65 ndani ya kamba hiyo. Kwangu hilo lina uzito kuliko kufunga Cleveland saba bila.

Muzee_Sherbrooke

Marahaba. Lakini cheza na yule aliyeletwa mbele yako. Ndicho walichofanya.

Kipa_Mstaafu

Nimeona pointi zinatupwa hapa kama vile ni shilingi ya thamani moja. Si sawa, jamani.

1977 sare ni sare, kila mtu anachukua moja anaenda kulala. Kuanzia msimu wa 1999-2000, ukifungwa kwenye muda wa nyongeza unabaki na pointi moja mkononi. Kuanzia 2005-06 sare zimefutwa kabisa, mkishindwana mnapiga mikwaju na mmoja lazima apate mbili. Kwa hiyo sare 12 za Canadiens, kwa sheria za leo, baadhi zingekuwa ushindi. Na kushinda kwingine kwa Bruins, kwa sheria za wakati ule, kungeandikwa sare.

Njia ya haki kidogo ni kuangalia pointi ulizopata kati ya zote ulizoweza kupata. Canadiens 132 kati ya 160, asilimia 82.5. Bruins 135 kati ya 164, asilimia 82.3. Red Wings wanakaribia 80, Lightning 78. Kwa hiyo hata kwenye hesabu ya ligi tupu, bila kombe, Montreal wako mbele kwa uzi.

Na kama mnataka kulia, mkubwa wa wote kwa hesabu hiyo hayumo hata kwenye orodha: Bruins 1929-30. Mechi 44, wameshinda 38, wamefungwa 5, sare 1. Asilimia 87.5. Walifika fainali wakafungwa na, nisaidieni...

Muzee_Sherbrooke

CANADIENS! 😂😂 Mechi mbili bila jibu!

Mzaramo_wa_Boston

Kipa, wewe ni mtu mbaya.

Mama_Theluji_MN

Na mimi nikuzidishie chumvi kidonda. Mimi ni wa Detroit, ingawa ndoa imenileta Minnesota. Habari ya Red Wings wa 1996 nyie mnaipita haraka kana kwamba ni timu nyingine tu kwenye orodha. Haina mfano ile.

Walikuwa na Warusi watano wanaocheza pamoja: Fedorov, Larionov, Kozlov, Fetisov na Konstantinov. Wengine wote wakipata paki (kile kisahani cheusi cha mpira, Kipanga) wanaitupa mbele na kuikimbilia. Hawa wakikosa njia wanarudi nyuma nayo, wanazunguka, wanapasiana mpaka mpinzani kizunguzungu kimshike. Mume wangu anasema ilikuwa kama kuangalia watu wanasuka mkeka.

Sasa sikilizeni kisa. Desemba 2, 1995, Red Wings wanakwenda Montreal. Golini yuko Patrick Roy, sultani wa mji ule. Red Wings wanamfunga, wanamfunga, kocha hamtoi. Mabao tisa! Mwisho anatolewa, anampita kocha bila kumtazama, anakwenda kwa rais wa klabu aliyekaa nyuma ya benchi, anamwambia hii ni mechi yangu ya mwisho hapa. Ikaisha 11-1. Siku nne baadaye ameuzwa, na anakwenda wapi? Colorado. Mwezi wa Mei Red Wings wanafika fainali ya kanda, wanainua macho, golini mbele yao ni Roy. Wametolewa mechi sita.

Yaani walijitengenezea adui wao wenyewe kwa kumfunga sana. Nionyesheni msimu mwingine wenye kisa kama hicho.

Muzee_Sherbrooke

Mama, usiku ule nilikuwa bado Bukavu. Lakini hapa mjini mpaka leo ukitaka kunyamazisha meza ya wazee, taja tarehe hiyo.

Baba_Nasra_Mississauga

Kisa kitamu, shem, sikatai. Lakini kisa si msimu mkali. Halafu mbona hakuna aliyesema kwamba kocha wa Canadiens 1977 na wa Red Wings 1996 ni mtu mmoja, Scotty Bowman? Miaka 19 katikati. Tukianza kura ya makocha tutamaliza mapema.

Simba_wa_Mombasa_Road

Niaje wazito. Mimi niko Nairobi, na kabla mnicheke, ndiyo, tuna barafu: ile ya Panari Hotel, Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, ndipo wanapofanyia mazoezi. Uwanja ni mdogo, ukipiga kona mbili umemaliza. Mwaka 2018 vijana walipelekwa Kanada na kampuni ya migahawa ya Tim Hortons, wakavaa jezi kamili na wakacheza upande mmoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Huo ndio msimu wangu mkali, mambo ya pointi baadaye 😅

Back kwa mada: naona Lightning hawana wakili. Acha nijitolee. Nikita Kucherov msimu ule alipata pointi 128 peke yake (mabao ukijumlisha na pasi za mabao), na timu nayo ilimaliza na pointi 128. Kipa wao Vasilevskiy alichukua Vezina, tuzo ya kipa bora. Mechi ya kwanza na Columbus wanaongoza 3-0 baada ya kipindi cha kwanza! Halafu kitu kikakatika. 4-3 wamepoteza, na hawakuamka tena. Columbus hawakuwa wameshinda hata raundi moja ya mtoano tangu klabu izaliwe, na kocha wao, Tortorella, ndiye aliyewapa Tampa kombe la 2004.

Lakini angalia baada ya hapo. Kocha Cooper hakufukuzwa, nyota hawakuuzwa. 2020 bingwa. 2021 bingwa. Kile kikosi kilikuwa cha kweli. Ukinipa nafasi ya kuwa shabiki wa moja kati ya hizi nne kwa miaka mitatu, nachukua Tampa, aibu na yote.

Kipa_Mstaafu

Red Wings nao walikuja kubeba 1997 na 1998, kumbuka. Bruins peke yao ndio hawakupata cha kujifuta machozi. Nyota wao Bergeron alistaafu kiangazi kile, Krejci naye.

Mzaramo_wa_Boston

Nilikuwa kwenye baa ya jirani Aprili 30. Tulikuwa chini 2-0, tukarudi, tukaongoza 3-2. Ikabaki dakika moja. Dakika MOJA, wakuu. Montour wa Florida akasawazisha. Muda wa nyongeza Verhaeghe akamaliza. Yule mhudumu alizima televisheni bila kuambiwa na mtu.

Na kwenye raundi ile tulikuwa tunaongoza kwa mechi 3-1.

Kipa_Mstaafu

Pole sana ndugu yangu. Ila nikwambie kama mtu aliyekaa golini (magongo ya nyasi, Dar, miaka ya zamani, msiniulize mabao): kosa lenu lilikuwa kwa makipa. Msimu mzima Ullmark na Swayman walikuwa wanapokezana, leo wewe kesho mimi, mnakumbuka walivyokuwa wanakumbatiana baada ya kila ushindi. Mtoano ulipofika akapangwa Ullmark mechi sita mfululizo. Amechoka, anaonekana amechoka. Mechi ya saba, yenye moto kuliko zote, ndipo anaingizwa Swayman akiwa hajaanza mechi hata moja ya mtoano ule. Ukila kwa mikono miwili mwaka mzima, usiufunge mmoja siku ya karamu.

Halafu kuna kitu kimoja sijaona mtu amekigusa. Kipa wa Columbus aliyewazima Lightning 2019 ni nani? Sergei Bobrovsky. Kipa aliyekuwa golini kwa Florida siku ya mechi ya saba Boston 2023 ni nani? Sergei Bobrovsky. Timu mbili kubwa za zama hizi zimezikwa na jembe moja.

Simba_wa_Mombasa_Road

Wueh. Hiyo sikuwa nimeiunganisha.

Mama_Theluji_MN

Bobrovsky na Roy. Basi swali la mleta mada lilipaswa kuwa: kipa gani mkali kuliko yote.

Kipanga_Temeke

Mimi mgeni naruhusiwa kura? Nampa mzee wa Montreal. Nyumbani kufungwa mara moja, halafu aliyekufunga unamkuta fainali unamlipa nne. Hata kwetu hiyo tungeimba.

Muzee_Sherbrooke

Huyu kijana amelelewa vizuri.

Baba_Nasra_Mississauga

Mimi nabaki na Bruins, kwa sababu ya kikomo cha mishahara. Na mimi ni shabiki wa Toronto, kwa hiyo mjue neno hilo limenigharimu.

Mzaramo_wa_Boston

Nahesabu: Canadiens kura mbili, Bruins mbili, Red Wings moja, Lightning moja. Kipa hajapiga.

Kipa_Mstaafu

Yangu ni ya Bruins.

Mzaramo_wa_Boston

Asante sana mkuu! Nilijua tu!

Kipa_Mstaafu

Wale wa 1930.