Prado ya marehemu baba inabugia dizeli: nibadilishe gia boksi iwe ya manyuo?

Ruhuji_77
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua magari ya dizeli, maana usingizi umekata kwa kupiga hesabu.

Nina Prado ya 1998, injini ya 1KZ, otomatiki. Niko Njombe mjini. Juzi nimekwenda Songea na kurudi, dashibodi ikasoma kilomita 452. Nikarudi kituo kilekile nilichoanzia, nikatia lita 98. Ukigawa ni kilomita 4.6 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati, roho ikiwa juu.

Nimeshabadilisha filta ya dizeli, airklina na oili. Nozo zimepimwa, ziko sawa. Moshi mweusi hakuna. Fundi anasema otomatiki za zamani ndivyo zilivyo, dawa ni kung'oa gia boksi na kuweka ya manyuo. Swali langu ni moja tu: aliyewahi kufanya hivyo, ulaji ulishuka kwa kiasi gani?

Lita Kumi
Uza, chukua IST. Hizo lita 98 kwenye IST unatembelea mwezi mzima na chenji ya supu inabaki.

Mama Nuru
Vijana mnapenda magari makubwa kuliko mifuko yenu. Gari kama hilo lina wenyewe. Mwanangu, kama kulijaza ni shida, hata kulitengeneza kutakushinda. Kaa na familia mshauriane.

Kaskazi
Mkuu, Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, dizeli haiungui yote. Lishushe Dar uone, litakunywa kidogo kabisa.

Ruhuji_77
@Kaskazi hapana. Gari hili liko Njombe tangu 2009. Marehemu baba alikuwa anaandika kila lita kwenye daftari, lipo kwenye droo ya dashibodi hadi leo. Njombe–Songea alikuwa anapata 8.3, 8.5, na mara moja kipindi cha masika 8.1. Mlima ni uleule, barabara ni ileile.

@Mama Nuru shikamoo mama. Gari sikulinunua, nimerithi. Kuuza sitauza.

Mzee Kigingi
Mimi nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka 19. Kuna kipindi gari lilianza kula mafuta hivihivi. Bosi akanisema, nikapima pampu, nikapima nozo, wapi. Kumbe tanboi, msaidizi wangu wa lori, kijana mpole, anasalimia kila mtu, kila tukilala Makambako anachomeka mpira kwenye tenki anatoa kidumu. Nilimkamata saa nane usiku ameinama, mdomo unanuka dizeli. Alilia sana, nikamsamehe, leo ana lori lake mwenyewe na akiniona ananinunulia chakula.

Sasa nikuulize: hilo gari analiendesha nani? Usiku linalala wapi?

Ruhuji_77
Naendesha mwenyewe, mzee wangu. Linalala ndani ya geti.

Jamani, bado hakuna aliyejibu kuhusu gia boksi.

Nozo_Safi
Gia boksi subiri kwanza. Mimi ni fundi wa dizeli, niko Mbeya. Nijibu haya:
Ukiwa spidi 100 barabara tambarare, mshale wa mizunguko unasoma ngapi?
Mshale wa joto unakaa wapi?
Tairi saizi gani?
Hita inatoa joto?
Na kati ya safari ya mwisho iliyokupa 8 na ya kwanza iliyokupa chini ya hapo, nini kilitokea?

Ruhuji_77
Mizunguko kama 2,900. Taa ya O/D OFF haiwaki, kwa hiyo O/D (overdrive, yaani gia ya nne) inafanya kazi. Mshale wa joto uko chini, juu kidogo tu ya C ya baridi, na hilo ndilo linalonipa moyo, siku hizi halichemki kabisa. Tairi nimeweka 265/75 badala ya 265/70, kwa ajili ya njia ya shambani. Hita inapuliza baridi, nadhani imekufa. Hakuna kilichotokea.

Kaskazi
Tairi hizo! Umeongeza kimo, kilomita zinasomeka pungufu. Jibu ndilo hilo, uzi ufungwe.

Nozo_Safi
Tairi ina mchango, ila piga hesabu. Kwa rimu ya 16, kipenyo kinatoka milimita 777 kwenda 804. Ni asilimia 3.4. Haiwezi kushusha 8.3 mpaka 4.6.

Ruhuji, umesema "siku hizi halichemki". Kwa hiyo kuna siku lilichemka. Lini, na walifanya nini?

Mtu wa Hesabu
Wakuu mnahangaika na chai. Tenki la Prado hiyo ni lita 90, nilikuwa nalo. Huyu ametia lita 98, na gari lilifika kituoni likiwa linatembea. Hizo nane zaidi aliziweka mfukoni? Daftari la marehemu, hita imekufa, simulizi tamu kabisa. Ataishia kuomba mchango.

Lita Kumi
Hahaha, nilijua tu. Na sukari imezidi.

Mpiga Debe
Weka picha ya dashibodi na risiti, la sivyo tunaondoka.

Mzee Kigingi
Vijana, punguzeni. Mtu akitunga, hatungi mshale wa joto ulio chini. Mtungaji angesema gari linachemka. Mwacheni ajibu.

Ruhuji_77
Nimesoma yote. Nimeumia, ila @Mtu wa Hesabu uko sahihi kuhusu lita 98. Nimeitafuta risiti: lita 78 ziliingia kwenye tenki, 20 kwenye kidumu cha mashine ya kusaga ya mama. Nilizihesabu pamoja kwa sababu nililipa pamoja. Sikukusudia kudanganya mtu. Picha ya daftari nimeiweka hapo chini, nimeziba majina.

Na @Nozo_Safi, naomba radhi, nilikuficha. Mwezi wa nne nilitoka Dar na vigae vya kujengea kaburi la baba, boksi 28. Kaka yangu mkubwa alisema vipakiwe kwenye lori. Nikaona gharama, nikapakia kwenye Prado, viti vya nyuma nimelaza. Kupanda mlima Kitonga mshale wa joto ukaenda juu, mvuke ukatoka. Nikasimama pembeni zaidi ya saa, malori yananipita, nalia kama mtoto. Nikajikongoja hadi Ilula. Fundi wa pale akatoa kitu kimoja kwenye bomba la maji, akaniambia "dada, hiki ndicho kinachozuia maji kupita, huku kwetu hakina kazi, ni cha Ulaya". Tangu hapo halijachemka tena. Kaka hajui. Angejua angesema liuzwe siku hiyohiyo.

Mpiga Debe
Kumbe ni dada. Pole sana kwa msiba.

Mtu wa Hesabu
Lita 78 inaingia akilini. 452 kwa 78 ni 5.8. Ukiongeza asilimia 3.4 ya tairi ni 6.0. Nafuta neno langu la chai, dada, unisamehe.

Nozo_Safi
Asante kwa kusema ukweli. Kitu kilichotolewa ni themostati. Kinapatikana kwa bei ya kawaida kabisa, na kukosekana kwake ndiko kunakokula mafuta yako.

Injini ikiwa baridi, themostati hufunga maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Dar unaweza usigundue haraka. Njombe mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ina nyuzi chini ya 10, injini inatembea nusu baridi hadi Songea. Hita haijakufa, inapuliza baridi kwa sababu maji yenyewe ni ya baridi.

Sasa sikia kuhusu gia boksi. Kompyuta ya otomatiki hiyo inasoma joto la maji. Injini isipopata moto wa kutosha hairuhusu gia ya nne, wala klachi ya ndani ya konveta, kile kinachounganisha injini na gia boksi, haifungi. Unatembea na gia ya tatu safari nzima huku konveta inateleza. Ndiyo maana unasoma 2,900. Taa ya O/D OFF huwaka ukibonyeza kitufe, haikuambii kama gia ya nne imeingia kweli. Jaribu hivi: ukiwa spidi 80, bonyeza kitufe cha O/D. Mizunguko isipobadilika, ujue hata mwanzo ulikuwa kwenye ya tatu.

Ruhuji_77
Nimekuelewa, kaka. Lakini nimeshatoa advansi laki tisa kati ya milioni mbili na laki sita, na gia boksi imeshafika kwa basi kutoka Dar. Fundi wangu si mtu mbaya, alikuwa anamtengenezea baba. Na hata nikirudisha themostati, je, likichemka tena Kitonga? Manyuo itaondoa wasiwasi wote kwa pamoja.

Mama Nuru
Mwanangu, manyuo haitazuia maji kuchemka.

Nozo_Safi
Mama amenimaliza maneno.

Hofu yako ya kuchemka ni halali, na hapo nakuunga mkono: usirudishe themostati kabla ya kujua kwa nini lilichemka. Hedi, yaani kichwa cha injini, ya 1KZ ikichemshwa mara mbili tatu inapasuka, na hapo utalia zaidi ya ile siku ya Kitonga. Gari likiwa limepoa, fungua kifuniko cha rejeta, washa injini. Mapovu yakitoka mfululizo, au kulanti (maji ya kupoozea injini) inapungua bila kuvuja, au asubuhi kuna moshi mweupe usioisha, hedi ipimwe kwanza. Yasipokuwepo hayo, angalia rejeta. Gari lililotiwa maji ya bomba miaka mingi, mirija inajaa kutu. Pia zungusha feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa na bado ina moto. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi, klachi yake imechoka.

Mzee Kigingi
Binti, kabla hujatoa hata shilingi, fanya tunachofanya madereva kwenye baridi. Tafuta boksi gumu, ziba nusu ya rejeta kwa mbele. Nusu tu! Nenda Makambako na kurudi, jicho lisitoke kwenye mshale wa joto. Ukipita katikati, simama, toa boksi. Injini ikipata moto na mizunguko ikashuka, umeshapata jibu bila kufungua nati.

Ruhuji_77
Nimerudi. Nimezibia boksi la vigae vilevile, yamebaki matatu nyumbani.

Njombe hadi karibu na Makambako mshale ulipanda taratibu, ukasimama chini kidogo ya katikati. Nikasikia gari linabadilisha pumzi, kama limeshusha mzigo. Mizunguko ikatoka 2,900 ikaja 2,200 kwa spidi ileile 100. Nikabonyeza O/D ikapanda, nikabonyeza tena ikashuka. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Kwenye rejeta mapovu hakuna.

Ruhuji_77
Wakuu, wiki tatu baadaye. Rejeta imefunguliwa na kuzibuliwa, theluthi nzima ya mirija ilikuwa imeziba kwa kutu. Feni iko sawa. Themostati mpya na kulanti vimewekwa. Fundi amenirudishia laki nne, zilizobaki anasema ni nauli ya mzigo na usumbufu. Sikugombana naye. Kaka nimemwambia yote, hatujaongea siku mbili, ya tatu akaniuliza themostati ni nini.

Jana nimetoka Songea na mama. Kilomita 455, lita 57, bila kidumu. Ni 7.98, na ya tairi ikiongezwa inafika 8.25. Mama alikuwa amejifunika shali mbili kama kawaida ya safari zetu za mwaka huu. Tulipofika Madaba akavua zote, akasema humu ndani kuna joto kama enzi za baba yako. Nimeandika kwenye daftari, chini ya mstari wake wa mwisho.

Mzee Kigingi
Mungu amrehemu mzee. Vigae sasa vipakie kwenye lori.

Lita Kumi
Hongera dada. Hiyo gia boksi ya manyuo iliyoletwa kwa basi, fundi anaiuza bei gani? Nina jamaa ana Surf.