Shamba la Wobulenzi, Uganda: kikundi cha familia

Baba Mdogo Ramadhani: Assalaam alaykum. Yule dalali ameleta mchoro. Anataka eka zote tatu, pesa taslimu. Anasema mwaka haupiti mtaona mtaa mzima wa mabati mekundu. [picha]

Hawa: Waalaykum salaam. Zote? Na shangazi atakaa wapi?

Baba Mdogo Ramadhani: Atakatiwa kiwanja chake kule nyuma.

Shangazi Zaituni: Mimi nimo humu, nasoma.

Swaleh: Shikamoo shangazi. Lakini tusidanganyane, shamba limechoka. Mibuni ilinyauka tangu miaka ya 90, migomba nayo ikafuata. Kila mwaka tunachanga pesa ya mbolea, tunavuna nini?

Shangazi Zaituni: Marahaba. Iliyokufa ni ile ya zamani. Miche ya KR, ile kahawa inayostahimili mnyauko, niliyopanda karibu na kisima haijanyauka hata mmoja. Wewe tangu Idi hujakanyaga huku, umeiona wapi?

Musa Fundi: Nimeikuza hiyo picha. Eka ya mbele imekatwa viwanja 10 vya futi 50 kwa 100. Haiwezekani! Eka ni futi za mraba 43,560, viwanja 10 ni 50,000. Na barabara ya kuingilia haimo, mtaro haumo. Ukiacha njia utapata 7, tena kwa kubana.

Hawa: Sasa hizo 6,440 za ziada anazitoa wapi?

Musa Fundi: Angalia kiwanja namba 9. Kale kaduara ni mfenesi.

Shangazi Zaituni: Mfenesi uko kichwani pa kaburi la babu yenu.

Hawa: Subhanallah 😳

Baba Mdogo Ramadhani: Ni mchoro tu jamani, sveya akija kupima atarekebisha.

Swaleh: Sveya wa dalali huyo huyo?

Hawa: Halafu sisi tuna kibanja tu, yaani haki ya kukaa na kulima; hatimiliki ni ya mwenye mailo, ndiye mwenye ardhi. Risiti za busuulu, ile kodi ya ardhi tunayomlipa, ninazo mimi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ukiuza kibanja umpe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Ameambiwa?

Baba Mdogo Ramadhani: Dalali alisema hilo nimwachie yeye.

Musa Fundi: Ehee! Kuna mahali nimejenga Matugga waliachiwa hivyo hivyo. Nyumba nzuri, hatimiliki hakuna, na gari la kunyonya choo haliwezi kuingia mpaka jirani abomoe ukuta.

Shangazi Zaituni: Sikatai kuuza, goti hili jembe limelishinda. Uzeni eka ya mbele, mkishamalizana na mwenye mailo, na njia ya futi 20 iachwe. Kwenye kahawa yangu na makaburi asiingie mtu.

Swaleh: Mimi naunga mkono. Baba mdogo?

Baba Mdogo Ramadhani: Sawa, nitampigia. Ila sveya wetu analipwa na nani?

Musa Fundi: Nusu mimi. Nusu aliyekula nyama choma ya dalali 😂

Baba Mdogo Ramadhani: Ilikuwa chai tu.

Shangazi Zaituni: Na chapati.