Kaka amepata mshtuko wa moyo, mimi niko karakana ileile. Ni kweli damu ya O ni kinga?

Fundi_Geti

Habari zenu wadau. Mimi na kaka yangu tunachomelea mageti Kariobangi Light Industries. Karakana moja, moshi mmoja, jioni matatu moja hadi Umoja. Yeye ana miaka 47, mimi 43. Hanywi, havuti sigara.

Wiki tatu zilizopita alikuwa ameinama akisugua geti kwa grainda, akashika kifua, akaniambia mkono wa kushoto umekuwa mzito kama amebeba mtungi. Jasho likamtoka chapachapa. Hospitali wakasema ni mshtuko wa moyo, mshipa umeziba. Sasa yuko nyumbani, anatembea polepole hadi mlango wa ploti na kurudi.

Baba yetu alifanya kazi hiihii miaka 30, hakuwahi kushika kifua. Ndiyo maana nachanganyikiwa. Tukiwa tunasubiri hospitalini, mzee mmoja kwenye benchi aliniambia wenye damu ya kundi A moyo wao hauvumilii hewa chafu, ila wa O hawana shida. Kaka ni A. Kadi yangu ya kuchangia damu inasema O. Karakana nzima wananiambia nichape kazi tu, mimi niko salama.

Kuna ukweli? Na kuna kipimo cha jeni nimpeleke kijana wangu? Anataka kuingia kazi hii akimaliza shule. Msinifiche kitu.

Zege_Imara

Pole sana ndugu, Mungu amponye kaka. Mimi nachomelea mabati yenye zinki na dawa yangu ni maziwa. Pakiti moja saa nne, nyingine jioni. Moshi wote unashuka.

Mama_Tasha

Pole shemeji. Na huko nyumbani mnapikia nini? Sisi tulikuwa na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, mume akitoka kwenye moshi wa kazi anaingia kwenye moshi wa ugali. Siku hizi nawasha nje kwanza, naingiza likishakolea na dirisha liko wazi. Bado si salama kabisa, gesi ikipatikana natumia gesi.

Nesi_Eastlands

Pole sana kaka. Nimekaa wodi ya wagonjwa wa moyo miaka mingi na hilo neno la O limenitia hofu, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Mzee wa benchi alisikia kitu cha kweli, ila kilimfikia nusu. Watafiti wa Utah, Marekani, walitoa matokeo mwaka 2017. Kule kuna bonde ambalo wakati wa baridi hewa chafu hunaswa chini kama iliyofunikwa kwa sufuria. Vumbi laini lilipopita maikrogramu 25 kwa mita moja ya ujazo, kila nyongeza ya 10 iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo kwa takriban asilimia 25 kwa watu wa A, B na AB. Kwa watu wa O iliongezeka kwa asilimia 10. Rudia hapo kaka: hata kwa O ilipanda. Kiwango cha mwaka mzima kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 5 tu.

Na si kundi la damu peke yake. Kuna jeni inaitwa GSTM1, inayousaidia mwili kuondoa sumu. Watu wengi huzaliwa bila jeni hiyo kabisa na hawajui, kwa sababu hawaumwi chochote. Watafiti wa Boston, Marekani, walipima mapigo ya moyo ya wazee, na matokeo yakatoka 2005. Vumbi likipanda, wasio na jeni hiyo moyo wao ulipoteza ule wepesi wa kubadilisha mwendo ambao moyo wenye afya unao. Walio nayo haikuonekana hivyo. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuvuta moshi mmoja na usiwafanyie sawa.

Zege, nakuomba uache kuyategemea maziwa. Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni. Chembe zenyewe ni ndogo mno, unywele mmoja ni mnene kuzishinda zaidi ya mara 20. Zinafika mwisho wa mapafu, mwili unawaka kama una kidonda, damu inakuwa rahisi kuganda na mishipa inabana. Vaa barakoa ya N95 ndani ya ngao ya kuchomelea. Kitambaa hakizuii chembe hizo vya kutosha.

Fundi, kipimo cha jeni usikilipie. Jibu lolote litakalotoka, kijana atahitaji barakoa ileile na hewa ileile. Pima presha, sukari na kolestero, wewe na kaka. Na mnamtaja baba tu, ilhali nusu ya damu yenu ni ya mama. Upande wa mama hakuna aliyeanguka ghafla?

Fundi_Geti

Nesi, swali lako nililisoma nikaweka simu chini.

Mjomba wetu alianguka shambani akipalilia mahindi, hakuwa amefika miaka 50. Nilikuwa darasa la sita. Nyumbani walisema amerogwa na jirani wa mpakani, na familia hizo mbili hazijasalimiana hadi leo. Nimempigia mama jana usiku. Kumbe na shangazi yake mama alienda hivyohivyo, akiwa anachota maji.

Leo asubuhi nimepima presha: 162 kwa 100. Mimi wa O. Nimeambiwa nirudi kesho na keshokutwa wahakikishe kabla ya dawa.

Mashine tumeitoa chini ya mabati, tunachomelea uani upepo ukitoka nyuma yetu. Barakoa nimenunua nne, moja ya kijana.

Nesi_Eastlands

Usikose kesho. Nenda mapema, keti dakika tano kabla ya kupimwa. Watoto wa mjomba wako wapi?

Fundi_Geti

Wawili wako Rongai, mmoja dereva wa lori Mlolongo. Nampigia huyo wa lori sasa hivi.